Kisanduku Kilichorudishwa

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji moja mjini Morogoro, nimechoka kusubiri, fundi aliponijia na filta ya hewa ya gari langu mkononi. Alitaka nijionee mwenyewe ilivyochafuka, maana mafundi wanajua sisi wanawake tukiambiwa kitu kimeharibika tunahisi tunaibiwa. Ilikuwa na mikunjo ya karatasi iliyosimama mmoja nyuma ya mwingine, na alipoigonga kwenye tairi vumbi likanifikia puani pamoja na harufu ya gundi. Nikaanza kulia. Kijana wa watu akababaika, akatazama huku na huku, kisha akaniambia, "Mama, usijali, mpya haina gharama kubwa."

Ningemweleza nini? Kwamba nilipokuwa mtoto Ifakara kitu kama hicho nilikifanyia msiba, peke yangu, bila mtu kujua? Angenifunguliaje mlango wa gari baada ya hapo? Nikajifuta machozi, nikamwambia ni vumbi. Lakini tangu siku ile jambo lenyewe limekataa kuniacha, na naliandika kwa ajili ya nyinyi wa rika langu, mliokua wakati watu wazima walipokuwa hawaelezi chochote na sisi tunajazia wenyewe.

Tulikuwa tunaishi kwa Bibi, mama yake mama yangu. Baba alikuwa kwenye miwa, kibarua wa kiwanda cha sukari, tunamwona mwisho wa mwezi akiwahi kupata usafiri. Bibi alikuwa fundi cherehani, mkali, mwenye mdomo, na mji mzima ulimjua kwa sketi za shule. Marinda yake yalikuwa yanakaa. Unaifua sketi kwa sabuni ya mche, unaianika juani, unaikalia darasani kutwa nzima, bado kila mkunjo unarudi mahali pake. Walimu wa ufundi walikuwa wanawaonyesha wasichana sketi zetu, na Bibi akisikia hivyo anasema eti anajua, haina haja ya kumwambia.

Mkono huohuo ndio ulikuwa unapamba majeneza. Mnakumbuka ilivyokuwa kwetu. Seremala anagongelea mbao zake, halafu jeneza linaletwa kwa mshonaji ili ndani liwekwe kitambaa cheupe chenye mikunjo, mtu asilale kwenye ubao mtupu. Kazi hiyo ilikuwa na sheria zake nyumbani kwetu. Redio inazimwa. Watoto wanatoka nje. Bibi ananawa mikono hadi viwikoni, anafunga mlango, na hasemi na mtu mpaka amalize. Vipande vinavyobaki hatukupewa sisi tushonee midoli yetu kama tulivyopewa vya sketi, vilifukiwa vyote nyuma ya migomba. Na ukimuuliza jeneza ni la nani, hakuambii jina. Atakujibu ni "kazi ya watu", basi, mpaka mwenyewe amezikwa. Alikuwa anasema jina la marehemu halitajwi juu ya kitambaa ambacho bado kinakatwa.

Mdogo wangu Deo alizaliwa wakati wa mvua, na mpaka mavuno yalipoisha alikuwa ameanza kucheka na watu. Bibi kwa utani wa bibi na wajukuu alimwita mume wetu, na mimi nikawa mke mwenzake. "Mke mwenzangu, mume wetu analia, umempiga?" Nilikuwa naipenda sana ile habari ya kuwa mke mwenza, ilinifanya nijione mtu mzima.

Kikafika kile kipindi cha kiangazi mnachokijua. Mashamba yanachomwa, mashine za kukoboa zinamwaga pumba, malundo ya pumba yanafukiza mchana na usiku, na barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu inatoa vumbi jekundu kila gari likipita. Deo akaanza kukohoa. Kifua chake kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi, na pua zake zinatanuka. Mama akampeleka hospitali, wakalazwa. Daktari alimwambia Bibi, na Bibi akalirudia kwa kila jirani aliyekuja kutusalimia: mtoto asipate vumbi, mtoto asipate moshi. Nililisikia sana hilo neno, vumbi na moshi, vumbi na moshi.

Watoto hatukuruhusiwa wodini. Kila asubuhi Bibi alibeba uji kwenye chupa ya chai, mimi namsindikiza hadi getini, nakaa na akina mama wauza maandazi mpaka atoke. Nilikuwa najaribu kusoma uso wake anapotoka, lakini uso wa Bibi haukuwa wa kusomeka. Nyumbani alikuwa amebadilika jambo moja tu: watu wakija na kazi ya jeneza alikuwa anawarudisha. "Nina mgonjwa ndani," anawaambia, "siwezi kukata nyeupe." Walikuwa hawamuulizi sababu, wanaitikia tu na kuondoka na jeneza lao.

Siku moja tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka hospitali, Bibi hajavua hata kitenge cha kujitanda, tukamkuta kijana amesimama mlangoni. Mikononi amebeba kitu kimefungwa kwenye shuka jeupe. Alikuwa amekilaza juu ya mikono yote miwili, na kilikuwa na urefu wa mto wa kulalia. Nilimjua kijana yule kwa sura, alikuwa anaitwa Anselmu, alifanya kazi kwenye ofisi ya mradi mmoja wa mbegu za mpunga kule Katindiuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kama umekuja na kazi ya watu, mimi kwa sasa sipokei."

"Si kazi ya watu, mama. Ni ya ofisi."

Bibi alimtazama, akatazama lile shuka. Akaniambia nikacheze. Nikatoka mlango wa mbele nikazunguka, nikasimama chini ya dirisha, kama ambavyo ungefanya wewe.

Yale aliyoyasema Anselmu nilikuja kuyaelewa ukubwani. Ofisini kwao kulikuwa na kompyuta, kuukuu hata kwa wakati ule, iliyoletwa kwa meli na wafadhili walioona kwao imepitwa na wakati. Diski yake ilikuwa kabati la chuma linalomfika mtu kifuani. Ndani ya kabati kuna masahani yanazunguka kwa kasi, na juu ya kila sahani kinaelea kisomeo bila kuigusa, juu ya hewa nyembamba kuliko hata chembe ya moshi. Chembe moja ikipita, kisomeo kinaparua sahani, na kila kilichoandikwa kinapotea. Kwa hiyo hewa yote iliyoingia mle ilipitishwa kwanza kwenye filta, karatasi ya mikunjo iliyobanwa ndani ya fremu ya bati. Na moshi wetu wa pumba ulikuwa umeiziba ile filta mpaka ikawa nyeusi tititi. Waliotengeneza mashine walishaacha kuuza vipuri vyake. Anselmu alikuwa ameng'oa karatasi iliyoziba, ameiosha fremu, na alikuwa na bunda la karatasi mpya aliyoachiwa na mtaalamu wa kigeni kabla hajaondoka. Alichokosa ni mtu wa kuikunja.

"Nimetazama sketi za watoto barabarani," nilimsikia anasema, "kila nikiuliza kashona nani, wanakutaja wewe."

"Unataka mikunjo," alisema Bibi.

"Mikunjo, mama. Myembamba, iliyonyooka. Halafu kingo zote tuzibe kwa gundi, pasiwe na upenyo hata wa unywele."

"Kisiingie nini?"

"Vumbi. Na moshi."

Mimi huko chini ya dirisha sikuwa na kompyuta kichwani. Sikuwahi kuiona. Nilikuwa na kisanduku chenye urefu wa mto wa kulalia, shuka jeupe, mikunjo, na mtu ambaye asipate vumbi wala moshi. Ifakara nzima nilimjua mmoja tu wa namna hiyo. Nikahisi mkojo unanitoka.

Nilichungulia. Shuka lilikuwa limefunguliwa na Bibi ameushika ukingo wa kile kisanduku, anapitisha kiganja chake juu yake taratibu, mwanzo hadi mwisho. Anselmu akawa kama mtu aliyekosea kubisha hodi. Nikaona kisanduku hakina kitako, unaona sakafu upande wa pili. Hilo lilinichanganya, lakini nikajiambia kitako kitaletwa na seremala baadaye. Kisha Bibi akasema, "Kiache."

Mchana wake nikamuuliza. "Bibi, ile ni ya nani?"

"Ya ofisi."

"Ofisi ya nani?"

"Mke mwenzangu, kaa nje, usiniletee vumbi."

Sasa nielezeni, mimi ningeaminije? Bibi hakuwahi kutaja mwenye jeneza. Kuna siku angesema ya watu, siku hiyo kasema ya ofisi, kwangu ilikuwa mamoja, ni namna nyingine ya kutotaja. Na kila alichofanya kilikuwa kilekile cha siku zote, tena kwa ukali zaidi. Redio ilizimwa. Cherehani ilitolewa chumbani. Sakafu na kuta vilifutwa kwa maji, dirisha likafungwa. Bibi alinawa mikono hadi viwikoni, akajifunga kitambaa kichwani na kingine mdomoni, jambo ambalo hata kwenye jeneza la mtu mzima hakuwahi kulifanya. Ile karatasi ilikuwa nyeupe, laini, lakini ina nyuzi kama za kioo zinazowasha, na kila akitoka anajikuna mikono mpaka inakuwa myekundu. Nilidhani huko ndani analia na kujikwaruza. Kuna wanawake niliwaona wakifanya hivyo msibani.

Vipande havikugawiwa. Alivikusanya kwa kitambaa kibichi, akachimba nyuma ya migomba, akafukia. Nilipoona hivyo nikaacha kujidanganya.

Anselmu alikuja kukichukua na gari la mradi. Aliketi mbele akakiweka mapajani, kimefungwa tena kwenye lile shuka, na dereva aliambiwa aende polepole. Nilisimama pembeni ya barabara. Sikujua kama napaswa kuamkia au kupiga magoti, nikaishia kupunga mkono, naye akanipungia huku anatabasamu. Lile tabasamu lilinitesa sana. Mtu anatabasamuje?

Nikakaa kusubiri msiba. Nilijua unavyokuja: kwanza sauti ya mwanamke mmoja, halafu wengi, halafu akina mama na kuni kichwani na mchele kwenye ungo, wanaume na mabenchi ya kanisani, turubai. Hakuja mtu. Jirani alikuja kuazima chumvi. Bibi akapika wali na perege, akanipakulia, akanishangaa mbona sili. Kesho yake akapika uji, akaumimina kwenye chupa, akaubeba kwenda hospitali kama kawaida. Uji wa nani? Alirudi na nepi za Deo akazifua, akazianika. Nikakumbuka kwamba nguo za marehemu nazo hufuliwa. Lakini anayezifua huwa haimbi, na Bibi alikuwa anaimba kwa pua ule wimbo wake wa kanisani aliokuwa anauchapia kila ubeti. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilianza kuwaonea hasira wote. Nilihisi kuna mahali watu wote wamekutana wakakubaliana kumficha Deo, na mimi, mke mwenza, sikualikwa.

Baada ya hapo kisanduku kikarudi.

Nilikuwa nachota maji. Nikaliona gari la mradi linasimama, Anselmu anashuka na shuka lake jeupe mikononi, uso umemshuka. Nilitua ndoo. Mimi nilikuwa nimeona majeneza yanakuja tupu nyumbani kwetu na yanaondoka yamepambwa. Sikuwahi kuona jeneza likirudishwa, wala sikuwahi kusikia kwamba linaweza kurudi.

"Mama, imekataa," alisema Anselmu.

"Imekataaje?"

"Haivuti pumzi. Umebananisha mno, mama. Mikunjo imelaliana, hewa haina pa kupita. Tumewasha, ikapata joto, ikajizima yenyewe."

Nilisubiri Bibi amshukie. Bibi wangu aliwahi kumfuata mwalimu mkuu hadi ofisini kwake kwa sababu alisema sketi moja imepinda. Hakuwa mtu wa kuambiwa kabananisha marinda, na ukweli ni kwamba hakuwa mtu wa kuyabananisha. Lakini alinyamaza. Alikifungua kisanduku, akatazama kazi yake, mikunjo imejaa ubavu kwa ubavu hata kidole hakipenyi. Akasema tu, "Nipe."

Mimi nilitazama ndani nikimtafuta Deo. Hakuwamo. Nikanusa, harufu ya gundi tu. Sasa yuko wapi? Nikapanga hivi katika akili yangu: wamempeleka, wamejaribu kumlaza, hakuenea, kabanwa, kakosa pumzi, wakamtoa. Ni kweli hiyo haina maana yoyote. Niambieni nyinyi basi ni maana gani mngeitoa mkiwa na umri ule.

Bibi aling'oa karatasi yote. Safari hii Anselmu alibaki kumsaidia, wakafunga mlango wakajadiliana humo ndani. Walitaka kitu cha kukaa kati ya mkunjo na mkunjo ili usilalie mwenzake. Bibi alipendekeza uzi, Anselmu akakataa, akasema uzi wa pamba unatoa vumbi lake wenyewe. Bibi akatoka akaenda kwa jirani yetu mvuvi, akarudi na mshipi wa nailoni, ule wa kufungia ndoana. Aliutandaza juu ya karatasi akiubandika kwa gundi kila baada ya upana wa kidole, ndipo wakakunja. Nilipochungulia niliona mikunjo imesimama mbalimbali, kila mmoja na nafasi yake, na mwanga unapita katikati. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko kitambaa chochote cha jeneza nilichowahi kukiona, na nilichukia kwamba ni nzuri.

Anselmu akamwomba Bibi waende wote ofisini, ili ikikataa tena airekebishe hukohuko. Hapo nikajua ndiyo siku yenyewe. Niliingia ndani nikavaa gauni la kanisani, lile la utepe, na soksi.

Bibi akanitazama. "Unakwenda wapi na gauni la kanisani?"

"Si tunakwenda?"

"Tunakwenda Katindiuka, ofisini kwa watu."

"Ndiyo."

Alitaka kusema kitu, akaona gari linasubiri. "Haya, panda."

Njia nzima kisanduku kilikuwa mapajani mwa Bibi. Nilikuwa nimekaa karibu yake, nikagusa shuka kwa kidole, kwa siri, upande niliodhani ni wa kichwani.

Ofisini tulivua viatu mlangoni tukafuta nyayo kwa kitambaa chenye maji. Ndani kulikuwa na baridi ambayo sikuwahi kuijua Ifakara, na harufu ya spiriti, ileile ya sindano, kwa sababu Anselmu alikuwa amelisugua kabati lote kwa pamba. Harufu ya hospitali. Nikaona amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, amefungua mlango mdogo wa chini, anakisukuma kisanduku ndani taratibu, anakaza skrubu moja moja, huku na huku, huku na huku. Akafunga mlango. Halafu akabonyeza kitufe, na kabati likaanza kutoa sauti, chini kwanza, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa mluzi mrefu usiokatika. Bibi aliweka kiganja mbele ya matundu ya hewa.

"Inapita," alisema.

"Tuiache ivute hewa safi kwanza," alisema Anselmu. "Tusiwe na haraka."

Tukawa tumesimama, sisi watatu. Nikaona hawataanza. Hakuna padri, hakuna katekista, hakuna wimbo, wanamtazama tu. Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, mbona hatumwombei?"

Anselmu alijibu bila kugeuka. "Omba, mdogo wangu. Omba kweli. Ikijizima tena leo, mimi kesho narudi kwetu Mahenge."

Bibi lakini aligeuka. "Tumwombee nani?"

"Deo."

Nakumbuka alivyoondoa kiganja chake kwenye yale matundu. Alinishika mkono akanitoa nje, tukapita mlangoni tukaacha malapa yake na viatu vyangu, tukaingia barabarani pekupeku, yeye na nyayo zake, mimi na soksi zangu. Nyuma yetu nilimsikia Anselmu anaita kwa furaha, "Mama! Mama, imekubali!" Bibi hakugeuka.

Tulipofika mbali kidogo akauliza, "Nani kakuambia Deo amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa umejuaje?"

"Umemshonea."

Alisimama katikati ya barabara. Nilitegemea anipige, au acheke, au aseme sivyo. Ningeridhika na lolote kati ya hayo. Hakufanya hata moja. Akaanza kutembea tena, haraka mpaka nikawa nakimbia. Na kile kimya chake ndicho kilichonimaliza kabisa, kwa sababu mtu mzima akisikia neno lisilo la kweli husema sivyo.

Kwenye geti la hospitali mlinzi alinyoosha mkono. "Mama, watoto hawaruhusiwi, unajua."

"Huyu si mtoto, ni mke mwenzangu. Amekuja kumwona mume wake."

Mlinzi alicheka, akatazama soksi zangu zilivyojaa vumbi, akatupisha.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amekonda, na Deo alikuwa ananyonya. Ananyonya kwa kelele. Nilimshika mguu, ulikuwa wa moto, akaurusha. Mama alifurahi kuniona, akaniuliza mbona nimevaa la kanisani siku ya kazi. Mimi nikamuuliza, "Alitolewa saa ngapi?"

"Alitolewa wapi?"

Nilimtazama Bibi anisaidie. Bibi alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, anajipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

Walirudi nyumbani baada ya siku si nyingi. Hakuna aliyekaa na mimi kunieleza, na mimi sikuuliza tena. Nikabaki na maelezo yangu: Deo alipelekwa, akarudishwa kwa sababu kisanduku hakikumwenea. Nililiamini hilo kwa miaka. Kwa hiyo nilikuwa namlisha. Nyama yangu nilimpa yeye, ukoko wa wali nilimpa yeye, hata muwa aliotuletea Baba nilimmenyea na kumtafunisha, ili awe mkubwa, ili asije akaenea tena popote. Watu walinisifu kwa kumpenda mdogo wangu. Nilimpenda, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa namtazama kwa mashaka, kama mtu aliyewahi kutoka mahali ambapo watu hawatoki. Hata akilala mchana nilikuwa naenda kumwekea mkono puani.

Ya kompyuta nilikuja kuyajua nikiwa sekondari, siku nilipofungua kitabu nikaona mchoro wa diski na filta yake. Nilicheka peke yangu darasani, halafu nikanyamaza ghafla, maana palibaki kitu kimoja ambacho kitabu hakikukieleza.

Nilimuuliza Bibi alipokuwa mzee, macho yamekwisha, kazi ya kutunga sindano ni yangu. Deo alikuwa amelala kwenye kochi, amerudi likizo, miguu imetokeza nje kwa namna ya kuudhi. Nikamwambia, Bibi, wewe hujawahi kukosea mkunjo. Ile ya kwanza ya ofisi ilikuwaje?

Alidhani nimesahau, alisema. Akapapasa kitambaa mapajani.

"Asubuhi ile daktari alikuwa ameniambia tujiandae. Sikumwambia mama yako, sikumwambia mtu. Nafika nyumbani, namkuta kijana mlangoni na kile kisanduku. Nilikipima kwa macho, mke mwenzangu. Macho yangu yamepima watu wengi, yalikuwa hayakosei. Mume wetu alikuwa anaenea, na nafasi kidogo inabaki miguuni."

Nilishika sindano tu.

"Basi nikakijaza. Nikiona bado kuna upenyo naongeza mkunjo, naongeza mwingine. Kijana alisema hewa lazima ipite, nilimsikia vizuri sana. Lakini mimi siku ile sikuwa nashona ili hewa ipite. Nilikuwa nashona ili mtu asiingie."